Mnada wa Kondoo Dume

Bi Attracta Gilvarry alipanda basi akiwa na chupa tupu ya jemu ndani ya mkoba wake, na kabla hatujaliacha kanisa nyuma yetu, Mzee Gus Hanly alikuwa ameshaiona.

"Attracta, chupa ya nini hiyo? Unakwenda kuwaibia masista jemu yao?"

"Ya kuwekea ulimi wako, Gus, nao upate kupumzika japo siku moja."

Basi zima likacheka, na Gus mwenyewe akacheka kuliko wote. Walikuwa wastaafu ishirini na wawili wa mji wetu mdogo wa Roscommon, na wote nilikuwa nawajua. Mmoja alinifundisha kusoma, mwingine aliniuzia viatu vya komunio ya kwanza. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu vuli iliyopita, nimesomea historia, na hiki kilikuwa kiangazi changu cha kwanza kushika kipaza sauti cha basi la watalii. Wiki ya tatu tu. Bado nilikuwa nabeba maelezo yangu kwenye kadi, na bado zilikuwa zinaniponyoka mikononi.

Ratiba yetu niliipiga chapa mwenyewe. Kahawa Westport, picha za mlima wa Mtakatifu Patrick, kisha bonde la Doolough na ziwa lake jeusi, supu Leenane saa saba mchana, halafu abasia ya Kylemore, nyumba ya masista, na bustani yake, na kurudi nyumbani kabla ya giza. Kituo kimoja hakikuwamo kwenye karatasi. Tuliokijua tulikuwa watatu: Bi Attracta, dereva wetu Colman Tighe, na mimi.

Bi Attracta alikuwa amekuja jikoni kwetu Jumatatu. Alikataa chai mara mbili, akaikubali mara ya tatu kama ilivyo desturi, akasubiri mpaka mama yangu alipotoka kuanika nguo. Ndipo akafungua kitabu chake cha sala na kutoa karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa risiti ya zamani ya soko la ng'ombe, na nyuma yake mwandiko wa penseli wa mumewe, Malachy, aliyefariki Mei ya mwaka jana.

"Nimeikuta kwenye kitabu chake cha misa, nyuma ya picha za marehemu," alisema. "Soma, mwanangu. Macho yangu siyaamini tena."

Nikasoma. "Pita duka la Ruane. Kata kushoto kwenye pampu. Shuka hadi kiwanda cha maziwa. Geti la Munnelly. Kutoka getini hatua kumi na moja mpaka mti wa miiba. Jiwe la tatu upande wa ziwa. Jeupe."

"Ni mtoto wetu wa kwanza," Bi Attracta akasema. "Wa kiume. Februari ya sitini na moja. Hakupumua hata mara moja, kwa hiyo hakubatizwa."

Hakuhitaji kunieleza zaidi. Siku hizo mtoto asiyebatizwa hakupewa nafasi makaburini pamoja na watu wake. Baba alimchukua kabla jua halijatoka, peke yake, akiwa na koleo na sanduku lolote alilolipata dukani, akamzika katika kiwanja cha watoto, pembeni mwa shamba la mtu, mahali penye mti wa miiba ambao hakuna mkulima angeugusa kwa kuogopa mkosi. Akaweka jiwe. Mama alibaki kitandani, maziwa yakimjaa. Hakuambiwa ni wapi, naye hakuuliza. Miaka mitatu baadaye Serikali ikawahamisha Malachy na Attracta kutoka kwenye ardhi ya mawe ya Mayo, huko magharibi, ikawapa shamba lenye udongo mzuri huku kwetu, na wakapata mabinti wawili ambao hawakuwahi kuambiwa lolote.

"Miaka sitini na miwili, Muireann, sijui mwanangu alipo. Sasa najua. Jumapili ni misa ya mwaka ya Malachy. Nataka kiganja kimoja cha udongo wa mtoto nikaumwage kwa baba yake. Basi. Sitaki kingine."

"Nitakufikisha," nikasema. "Nakuahidi tutalipata hilo jiwe."

Alinitazama kwa muda, kama unavyomtazama mtoto anayesema atakubebea ndoo iliyojaa. Kisha akanywa chai yake.

Colman nilimwonyesha karatasi hiyo nje ya karakana. Aliisoma mara mbili. "Katika vitu hivi," alisema, "hakuna hata kimoja ambacho kingali kipo. Duka liliungua nikiwa mdogo, nilikuwa nikija huko likizo. Pampu imeng'olewa. Kiwanda cha maziwa wamejenga nyumba za wageni."

"Mti wa miiba?"

"Eh, huo utakuwepo. Nani angeukata?"

Sasa tulikuwa njiani kuelekea magharibi, mvua nyembamba ikija na kuondoka. Colman aliendesha kama anavyoendesha siku zote, mikono miwili juu ya usukani, na kila gari lililotujia mbele alilisalimu kwa kuinua kidole kimoja cha shahada. Mzee Gus, aliyekaa nyuma yake, aliamua kuhesabu.

"Arobaini na tatu! Na huyo wa trekta, Colman, unamjua?"

"Simjui."

"Sasa unamsalimia nini?"

"Yupo barabarani. Na mimi nipo."

"Basi mwanamume huyu angekuwa Dublin, kidole kingekwisha kuchakaa kabla ya saa nne."

"Gus, mwache dereva aendeshe," mkewe Concepta akasema bila kuinua macho kutoka kwenye ufumaji wake. "Akituingiza ziwani nitakuuliza wewe."

Westport walikunywa kahawa na kulalamika kuhusu kahawa. Mlima wa Mtakatifu Patrick ulikuwa umefunikwa na wingu kuanzia magotini, nikawaeleza kuhusu kilele ambacho hawakukiona, nao kwa wema wao wakapiga picha za wingu. Tulipoondoka hapo, Bi Attracta aliomba kukaa kiti cha mbele, karibu yangu. Mkoba alikuwa ameupakata kwa mikono miwili. Chupa iligonga kifuniko chake kila tulipopita shimo.

"Kuna jambo sikukuambia jikoni," alisema kwa sauti ya chini. "Malachy alikuwa akija huku. Kila mwaka, Jumamosi moja ya Oktoba. Alikuwa akivaa suti yake na kofia, akaniambia, 'Nakwenda mnada wa kondoo dume.' Nami nikamfungia mkate. Tangu tulipohama."

"Alikuwa akinunua kondoo?"

"Mwanangu, sisi tulifuga ng'ombe tu. Hatujawahi kuwa na kondoo hata mmoja."

Sikujua nicheke au nifanye nini. Yeye alitabasamu kidogo, akitazama dirishani.

"Miaka thelathini na minne alikwenda mnadani na kurudi mikono mitupu. 'Bei zilikuwaje?' nikamuuliza. 'Ziko juu,' akasema. Nilijua alikotoka, naye alijua kwamba najua. Hilo ndilo lilikuwa neno letu juu ya mtoto. Hatukuwa na lingine. Halafu mwaka wa tisini na nane alirudi mapema, kabla ya saa nane. Akakaa ndani ya gari uani, injini imezimwa, mpaka saa ya kukamua. Nikamuuliza bei zilikuwaje, hakujibu. Mwaka uliofuata Oktoba ilikuja ikapita. Nikamtolea suti kabatini, akairudisha. Hakwenda tena mpaka kufa."

"Labda alikuwa amechoka. Umri..."

"Alikuwa na miaka sitini na minne na alikuwa anabeba magunia." Akaushika mkoba vizuri. "Nilisema moyoni, basi, amemsahau. Mimi sikumwona uso, sikuonyeshwa kaburi, sijamsahau. Yeye aliyemshika amemsahau. Na sikumsamehe, Muireann. Nilimpikia, nilimfulia, nilimshika mkono akifa, na hilo sikumsamehe. Leo nataka niende badala yake, kwa kuwa yeye aliacha."

Nilitaka kumwambia neno zuri. Nilikuwa na mengi, nilikuwa nimetoka chuoni. Nikanyamaza, na hilo ndilo jambo pekee la siku ile ambalo silijutii.

Baada ya Louisburgh Colman alipunguza mwendo na kusimama kando ya mwanamke aliyekuwa akitembeza mbwa wawili.

"Samahani, mama. Duka la Ruane?"

"Aa, mmelipita."

"Tumelipita?"

"Halipo tena, lakini mmelipita. Mnamtafuta nani?"

"Geti la Munnelly."

"Austin? Basi msihangaike na Ruane. Nendeni mpaka ilipokuwa shule. Msikate hapo. Mkifika ilipokuwa nyumba ya mganga wa ng'ombe, Mungu amrehemu, kateni kushoto. Mkiona ziwa kabla ya kukata, mmepita tena."

Colman akamshukuru, akainua kidole. Gus akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Nchi hii yote mtu anaelekezwa njia na marehemu," na Concepta akampiga kwa sindano ya kufumia.

Nikachukua kipaza sauti. Nilisema tungesimama dakika ishirini tulitazame ziwa kutoka upande ambao mabasi mengine hayafiki. Mimi si mwongo mzuri.

"Na supu?" Gus akauliza.

"Supu itatungoja, Mzee Gus."

"Supu haingoji mtu, binti. Supu inafanya utando."

Lakini walishuka, wenye nguvu walishuka, wakaenda ukingoni mwa barabara na makoti yao ya mvua na kulitazama ziwa. Kwa kweli lilikuwa zuri. Mlima ulishuka moja kwa moja ndani ya maji, na maji yalikuwa meusi, na kondoo walitawanyika juu kabisa mahali ambapo huwezi kuamini miguu inaweza kusimama.

Mimi na Bi Attracta tulipitia geti jipya la chuma. Nguzo za geti la zamani zilikuwa bado zipo hatua chache kutoka hapo, mbili, za mawe, hazina kitu katikati. Na mti ulikuwepo. Ulikuwa mdogo na umeinamia mashariki kwa sababu ya upepo wa bahari, na kwa kuwa ilikuwa Mei ulikuwa umechanua maua meupe mpaka kwenye matawi ya chini.

"Ule pale," Bi Attracta akasema. Akasimama. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu, nami nikahisi uzito wake wote ukinijia.

Nikasimama katikati ya nguzo mbili na kuhesabu hatua kumi na moja. Zilinifikisha karibu na mti, lakini hazikuugusa. Malachy alikuwa mwanamume mrefu. Nikaongeza mbili, nikageuka upande wa ziwa, nikatazama chini nitafute jiwe.

Hakukuwa na jiwe. Kulikuwa na majani yaliyofyekwa vizuri, kisha duara la kokoto safi, na katikati ya kokoto ukuta mfupi wa mviringo, unaofika kiunoni. Ukuta wote ulikuwa umejengwa kwa mawe meupe, makubwa kama mkate, kama kichwa, kama ngumi, yameshikamanishwa kwa saruji. Juu yake kulikuwa na kibao cha shaba: "Watoto wetu. Parokia iliwakumbuka, 1998."

Bi Attracta aliusogelea ukuta. Alitoa karatasi, akaitazama, akautazama ukuta, akaitazama tena karatasi.

"La tatu," alisema. "Upande wa ziwa."

Hapo nikasikia pikipiki ya magurudumu manne ikishuka shambani, mbwa akikimbia kando yake. Mwanamume wa miaka kama sabini akashuka, akavua kofia.

"Austin Munnelly. Karibuni, karibuni sana. Siku mbovu kidogo."

"Si mbaya hata kidogo, Mungu ashukuriwe," Bi Attracta akasema, maji yakimtiririka kwenye kofia yake ya plastiki. Karatasi ilikuwa imekwisha kurudi ndani ya mkoba. Sikuona ilivyoingia.

"Mmekuja kuwaona watoto?" Uso wake uling'aa. "Nafurahi mtu akija. Mngepaona zamani, mama! Vichaka vitupu. Mawe yametapakaa hapa na pale, ng'ombe wanayakanyaga, hakuna ajuaye kama ni kaburi au ni jiwe tu. Baba yangu hakuthubutu hata kupataja. Nikasema, nikirithi shamba hili, sitawaacha hivi. Tukaunda kamati, watu wanane. Tuliyakusanya mawe yote. Mia moja arobaini na moja. Hatukuacha hata moja, mama. Marehemu mke wangu aliyasugua jikoni kwa brashi, moja moja, akilia. Mwenyewe niliyapanga. Padri akaja akabariki, shamba lote lilijaa watu."

Nilifungua mdomo. Nilitaka kumuuliza kama waliandika popote kila jiwe lilikotoka, kama kuna ramani, picha, kumbukumbu yoyote. Nilikuwa nimesoma historia. Nilijua maswali ya kuuliza. Vidole vya Bi Attracta vikanibana juu ya kiwiko, kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Na wenye mawe walikuja?" aliuliza yeye. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeulizia habari za majirani.

"Wachache. Wengi wamekufa, au wako Amerika. Lakini kuna mmoja simsahau." Austin akageuka na kuonyesha zile nguzo mbili. "Mwaka huohuo, Oktoba, siku ya mnada wa kondoo dume. Saruji ilikuwa haijamaliza wiki mbili. Alisimama pale, mtu mrefu, ana suti, kofia mkononi. Nikamkimbilia nikamweleza yote, kama ninavyowaeleza ninyi. Nilikuwa na furaha, unajua, nilikuwa namweleza kila mtu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauzunguka ukuta mara moja, polepole, mkono wake juu ya mawe. Akarudi akaniambia, 'Mmefanya kazi nzuri. Mungu awabariki.' Akanipa mkono. Nikamwalika chai, akasema atachelewa mnadani."

Mvua ilikuwa ikigonga kokoto. Mbwa wa Austin alikaa juu ya kiatu changu.

"Alikwenda mnadani?" Bi Attracta akauliza.

"Hapana. Hilo ndilo nalikumbuka. Alikaa ndani ya gari pale barabarani, saa nzima au zaidi. Nilidhani anasubiri mvua ipungue. Halafu akaondoka kuelekea mashariki, na mnada uko magharibi."

Bi Attracta aliitazama barabara. Nilimtazama midomo, ilikuwa ikisogea kidogo, kama mtu anayejumlisha. Sikuweza kumtazama zaidi, nikatazama maua.

Nadhani Austin naye alihisi jambo. Aliigeuza kofia yake mikononi, mikono iliyopasuka kwa baridi na kazi, akauliza kwa uangalifu, "Una mtu wako hapa, mama?"

Ilikuwa nafasi yake. Nilimwombea moyoni aseme. Nilitaka mtoto yule atajwe mara moja na mama yake, kwa sauti, juu ya ardhi iliyomfunika. Niliona ni haki yake. Bado naona ni haki yake.

Bi Attracta alimtazama Austin usoni, kisha akaitazama mikono yake.

"Majirani wa zamani tu," alisema. "Nilikuwa naishi ng'ambo ile, kabla hatujahamishwa. Nilitaka nione palivyo." Akautoa mkono wake kwenye wangu na kumnyooshea. "Mmefanya kazi nzuri, Austin. Mungu awabariki. Na mkeo, Mungu ampumzishe."

Austin alifuta uso kwa kofia. Akatualika chai. Bi Attracta akakataa, akaalikwa tena, akakataa, na mara ya tatu pia akakataa, na hapo Austin akajua kwamba amekataa kweli. Alipanda pikipiki yake na kupandisha mlima, mbwa nyuma yake.

"Kwa nini hukumwambia?" nikauliza. Nilikuwa nalia, naona aibu kusema, kuliko yeye.

"Nimwambie nini? Kwamba mkewe alimsugua mwanangu akampoteza? Leo atalala vipi?"

"Tuchukue udongo hapahapa basi. Karibu na mti. Lazima atakuwa karibu, Bi Attracta, hatua kumi na moja, kumi na tatu..."

Alitoa chupa ya jemu, akafungua kifuniko. Akatazama zile kokoto, na majani, na ule ukuta. Kisha akakifunga tena.

"Nisije nikampelekea Malachy mtoto wa mwanamke mwingine."

Aliuzunguka ukuta, mara moja, polepole. Mkono aliuweka juu ya mawe. Alipolifikia jiwe moja alisita, nami nikadhani amelitambua, lakini alikuwa anapumzisha goti tu. Aliporudi mahali alipoanzia, alisimama na kutazama zile nguzo mbili zisizo na geti.

"Alijua," alisema. "Alikuja akakuta amempoteza mara ya pili. Na akarudi nyumbani na hilo tumboni, akalinyamazia ili mimi niendelee kuwa na jiwe." Akafuta mvua usoni. "Miaka ishirini na minne, Muireann. Kila asubuhi nilimwekea chai yake mezani nikimwambia moyoni, wewe umemsahau mwanao. Na yeye anasema asante."

Nilimshika mkono tukarudi.

Ndani ya basi watu walikuwa wameketi, madirisha yamejaa mvuke. Gus aligeuka tulipopanda na nikaona utani umekwisha kufika mdomoni mwake. Akamwona Bi Attracta. Akaiona ile chupa mkononi mwake, tupu, ina tone la mvua kwenye kifuniko. Macho yake yakaenda dirishani, kwenye ule mti, yakakaa hapo kidogo. Watu wa umri wake wanaijua miti hiyo. Akafungua karatasi ya mkate iliyokuwa magotini mwake.

"Chukua, Attracta. Nyama ya nguruwe. Haradali ni nyingi, Concepta hajui kupima."

"Asante, Gus."

"Usinishukuru, hujaonja."

Hakuna aliyeuliza neno. Colman aliwasha injini. Barabara ilikuwa tupu mbele na nyuma, hata kondoo hawakuwepo, na tulipopita sambamba na shamba lile aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Gus aliona. Hakuhesabu.

Leenane supu ilikuwa na utando kweli. Kylemore mvua ilikatika na wengine walizunguka bustani, wakanunua jemu, wakapiga picha mbele ya abasia na ziwa lake. Nilitoa maelezo yangu yote kutoka kwenye kadi, kila tarehe. Bi Attracta alikaa kwenye benchi karibu na ukuta wa matofali na kula mkate wa Gus mpaka ukaisha. Mara moja nilikwenda kumuuliza kama anahitaji chochote, akaniambia, "Endelea na kazi yako, mwanangu. Unaifanya vizuri." Nikageuka haraka, kwa maana nilikuwa nimekwisha jifunza siku ile maneno kama hayo yanaweza kubeba nini.

Tulirudi Roscommon saa mbili jioni, na mwanga wa Mei bado ulikuwa mwingi. Colman aliwashusha watu milangoni mwao mmoja mmoja. Tulipofika kona ya kwa Bi Attracta, yeye akamgusa bega.

"Nishushe makaburini, Colman. Nyumbani nitakwenda kwa miguu."

Nilishuka naye, kwa sababu ya ngazi za mawe pale getini. Juu ya ngazi akaniambia, "Ngoja hapa." Nikangoja. Kaburi la Malachy lilikuwa mstari wa pili, jiwe jipya, jeusi, linang'aa, na nafasi chini ya jina lake imeachwa wazi kwa ajili ya mkewe. Bi Attracta alisimama mbele yake. Akaweka ile chupa tupu juu ya nyasi, akaisukumiza kidogo kwenye udongo ili isianguke. Akanyoosha kofia yake ya plastiki kama mtu anayeingia nyumbani kwa watu.

Sikutaka kusikia, lakini jioni ilikuwa kimya na sauti yake haikuwa ya kunong'ona.

"Malachy," alisema, "leo nilikwenda mnadani."

Akanyamaza, kama anayempa nafasi aulize bei. Kisha akainamisha kichwa.

"Ziko juu," akasema.